Magazeti ya Sayansi na Pishi Inayoyapima

Kila mtu auzaye mahindi ajua ya kuwa kuna mambo mawili katika biashara yake: wingi wa mahindi na wema wa mahindi. Debe huonyesha wingi. Walakini debe halisemi kama punje zimeliwa na wadudu, wala kama mbegu ile itaota ikipandwa. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili hujaza debe, kisha hutia mkono ndani akatazama. Katika makala hii twataka kueleza habari za pishi nyingine, ambayo haipimi nafaka bali hupima maandiko ya wataalamu. Kwa pishi hiyo watu husema kwamba gazeti fulani la sayansi lina nguvu na jingine halina; tena kwayo hutambua elimu inaelekea upande gani mwaka hata mwaka.

Huenda msomaji akauliza: Habari hizi zatuhusu nini sisi tukaao Madaba, katika barabara itokayo Njombe kwenda Songea? Zatuhusu sana. Mawe ya bonde la Ruhuhu, lishukalo hata Ziwa Nyasa, yameandikwa katika magazeti hayo tangu zamani. Tena mwanafunzi mmoja wa Tanzania, aliyesoma Iringa katika barabara ii hii yetu, aliuliza swali ambalo hata leo linawasumbua wataalamu wa fizikia duniani. Basi yafaa tujue mambo hayo hupimwaje, na pishi yenyewe ina kasoro gani.

Asili ya magazeti haya

Zamani mtaalamu wa Ulaya alipogundua jambo alimwandikia rafiki yake barua, na rafiki akaieneza kwa wengine. Desturi hiyo ilikuwa na shida, kwa kuwa barua hupotea, na tena watu wawili waliweza kugombana kila mmoja akisema, “Mimi nalijua jambo hili kwanza.” Mwaka 1665 ikapatikana dawa. Mwezi wa Januari lilitokea Paris gazeti lililoitwa Journal des sçavans, na mwezi wa Machi likatokea London gazeti la Philosophical Transactions. Hili la pili lilianzishwa na Henry Oldenburg, Mjerumani aliyekuwa katibu wa chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society. Gazeti lake bado linachapishwa hata leo.

Kwa magazeti hayo ilikua desturi moja iliyo njema. Mwandishi hakuruhusiwa kujifanya kama kwamba elimu yote imeanza kwake. Ilimpasa kuwataja waliomtangulia: fulani alipima hiki mwaka fulani, fulani akakataa, nami sasa naongeza hili. Desturi hii si ngeni kwetu. Mzee asimuliapo habari za ukoo hutaja ni nani aliyempa habari hizo, na nani aliyempa huyo naye. Asiyetaja alikopata neno lake, watu humtilia shaka. Basi kutajwa huko, katika maandiko ya sayansi, ndiyo nafaka ambayo pishi yetu huipima.

Walioanza kuhesabu

Mwaka 1927 walimu wawili wa chuo kidogo huko California, Marekani, jina lao Gross wote wawili, walikuwa na taabu ambayo kila mwalimu aijua. Maktaba yao ilikuwa na fedha chache, na magazeti ya kemia yalikuwa mengi. Wanunue yapi? Hawakutaka kuchagua kwa kupenda tu, wala kwa kumsikiliza mwenye sauti kubwa. Wakachukua juzuu la mwaka 1926 la gazeti kubwa la wanakemia wa Marekani, wakaandika kila gazeti lililotajwa ndani yake. Walipomaliza walikuwa na mitajo 3,633. Ndipo wakasema: Magazeti yaliyotajwa mara nyingi ndiyo yatumikayo, na hayo ndiyo yatakayowafaa wanafunzi wetu. Waliona pia ya kuwa magazeti ya Kijerumani yalitajwa sana siku zile, kwa hiyo mwanafunzi wa kemia hakuweza kukwepa kujifunza Kijerumani. Angalia jinsi hesabu moja ilivyofumbua mambo mawili: nguvu ya kila gazeti, na lugha iliyokuwa ikibeba elimu hiyo.

Miaka saba baadaye, mwaka 1934, mkuu wa maktaba ya sayansi huko London, Samuel Bradford, alihesabu kwa njia nyingine. Alitaka kujua makala za elimu moja hupatikana katika magazeti mangapi. Akaona kwamba magazeti machache huwa na makala nyingi. Kisha huja kundi kubwa zaidi la magazeti lenye jumla ile ile ya makala. Na baada yake kundi kubwa zaidi tena, ambalo kila gazeti lake lina makala moja au mbili tu. Ndivyo ilivyo kwa mtafuta uyoga msituni. Mahali pachache hujaza kikapu upesi, lakini atakaye uyoga wote hana budi kuzunguka msitu mzima.

Mtu wa tatu alikuwa mwalimu wa hesabu, Derek de Solla Price, Mwingereza aliyefundisha katika Raffles College huko Singapore baada ya vita kuu ya pili. Chuo kile kilikuwa kikijenga maktaba, na juzuu za Philosophical Transactions, kuanzia lile la 1665, ziliwekwa kwake kwa muda. Alizipanga ukutani marundo marundo, kila rundo likiwa la miaka kumi. Alipotazama akaona marundo yanapanda kama kilima: ya kwanza mafupi, na kila lililofuata lilizidi kwa kipimo kikubwa kuliko lililotangulia. Kutokana na jambo hilo alianza kuchunguza, na baadaye aliandika kwamba maandiko ya sayansi yalikuwa yakiongezeka maradufu kila baada ya miaka kumi hata kumi na mitano. Twapenda kukumbuka ya kuwa hakuvumbua hayo kwa mashine. Alikuwa na marundo ya vitabu, ukuta, na jicho la kutazama.

Hesabu yenyewe

Aliyeifanya hesabu hii kuwa kazi kubwa ni Eugene Garfield, Mmarekani aliyefariki mwaka 2017. Aliona kwamba wanasheria wa Marekani walikuwa na kitabu, kilichoanzishwa na Frank Shepard mwaka 1873, kilichoonyesha kila hukumu ya zamani imetajwa katika hukumu zipi za baadaye. Garfield akawaza: Mbona wanasayansi hawana kitabu cha namna hiyo? Mwaka 1955 aliandika shauri lake, na mwaka 1964 akaitoa faharasa ya mitajo, iliyokusanya habari za magazeti 613. Kwa faharasa hiyo mtu aliweza kushika makala moja ya zamani na kuuliza: Tangu ilipochapwa, ni nani waliotaja habari zake? Kabla ya hapo msomaji aliweza kwenda nyuma tu, kutoka makala mpya hata za kale. Sasa aliweza pia kwenda mbele.

Kutoka katika faharasa hiyo kilizaliwa kipimo ambacho twaweza kukiita kipimo cha athari. Tangu mwaka 1975 kimekuwa kikichapishwa kila mwaka kwa ajili ya magazeti mengi. Hesabu yake si ngumu, na mwanafunzi wa darasa la tano aweza kuifanya. Tuseme gazeti moja limechapa makala 20 mwaka juzi na makala 20 mwaka jana, jumla 40. Mwaka huu wataalamu wa kila mahali wamezitaja makala hizo 40 mara 120. Gawa 120 kwa 40, wapata 3. Basi kipimo cha gazeti hilo ni 3, maana yake kila makala imetajwa mara tatu kwa wastani.

Kwa njia iyo hiyo hutazamwa mwelekeo wa elimu. Wachunguzi hukusanya makala zote za gazeti moja za miaka mingi, huzigawa kwa habari zake, na kuhesabu: Mwaka huu ngapi zimeandikwa juu ya joto, ngapi juu ya mwanga, ngapi juu ya miamba? Zikipungua za namna moja na kuzidi za namna nyingine, wajua upepo wavuma kutoka wapi. Kazi hii ya kuhesabu maandiko ilipewa jina lake la kitaalamu, bibliometriki, mwaka 1969. Mwaka huo huo, kama tutakavyoona, lilichapwa neno lililotoka kwetu.

Swali la mwanafunzi Mpemba

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, huko milima ya Usambara. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, hungoja yapoe, kisha huyaweka katika jokofu la kugandishia. Siku moja nafasi ya jokofu ilikuwa ndogo, na wavulana walishindana kuipata. Mwenziwe mmoja aliweka mchanganyiko wake pasipo kuuchemsha. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akaweka wake ukiwa bado wa moto. Baada ya muda kama wa saa moja na nusu walitazama, na tazama, ule wa Mpemba uliokuwa wa moto ulikuwa umeganda, na ule wa baridi bado ulikuwa majimaji mazito.

Alimwuliza mwalimu, naye akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba akanyamaza, lakini hakusahau. Baadaye huko Tanga aliwakuta rafiki waliouza aiskrimu, nao walikuwa na desturi ya kutia jokofuni mchanganyiko wa moto ili ugande upesi. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena darasani, akachekwa. Kila alipokosea hesabu walimwambia kwamba hiyo ndiyo fizikia ya Mpemba.

Kisha Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, alifika Mkwawa kutoa hotuba. Mpemba alisimama akamwuliza: Ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja cha nyuzi 35 za joto na kingine cha nyuzi 100, ukavitia pamoja jokofuni, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Alikiri kwamba hajui sababu, akaahidi kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam jaribio lilifanywa, na likaonyesha kama alivyosema kijana. Wakaandika makala wote wawili, nayo ikachapwa mwaka 1969 katika gazeti la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Osborne naye baadaye, tangu 1987 hata 1990, alikuwa balozi wa Uingereza katika nchi jirani ya Malawi.

Sasa angalia gazeti lenyewe. Physics Education lilianza mwaka 1966, nalo ni gazeti la walimu wa shule. Si miongoni mwa magazeti makuu yachapayo uvumbuzi wa kwanza wa fizikia. Mtu ambaye angelishika pishi ya kipimo cha athari mwaka 1971 angelitazama makala za miaka miwili tu, akafunga daftari lake. Kumbe makala ile ilikuwa ndiyo kwanza inaota.

Tufuate mwendo wake. Kwanza walimu na wanafunzi waliandikiana barua wakijaribu jambo hilo kwa maji na majokofu yao. Ikakumbukwa kwamba Aristotle Myunani alikuwa amekwisha kulisema zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na Descartes Mfaransa mwaka 1637. Lakini lilikuwa limesahauliwa na wenye vitabu, huku wauza aiskrimu wa Tanga wakilitumia. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kueleza sababu yake, na majibu zaidi ya 22,000 yakaletwa. Mwaka 2016 wachunguzi wawili, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Mwaka 2017 Lu na Raz waliliacha swali la maji, wakaonyesha kwa hesabu kwamba yako mambo ambayo kitu cha moto chaweza kukipita kilicho vuguvugu katika kupoa. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer walilionyesha jambo hilo kwa chembe ndogo ndani ya maji, na habari yao ikachapwa katika gazeti la Nature, mojawapo ya magazeti yenye vipimo vikubwa kabisa. Tangu 2023 wataalamu wa fizikia ya kwanta, yaani elimu ya mwenendo wa vitu vidogo mno visivyoonekana, wamekuwa wakiandika juu ya namna yao wenyewe ya jambo hilo, nao huliita kwa jina la Mpemba.

Hapo waona mambo mawili kwa pamoja. Kuhesabu mitajo kuna faida kweli: pasipo faharasa hatungeweza kuufuata mwendo huo kutoka jikoni hata kwenye kwanta, wala kujua ni mwaka gani swali lilibadilika. Lakini hesabu ya miaka miwili isingeliona lolote katika hayo. Nguvu ya makala ile ilichelewa karibu nusu karne. Tena haikutegemea kwamba jibu lake ni kamili, kwa maana hata leo wataalamu wanabishana juu ya maji. Nguvu yake ilikuwa katika swali.

Mawe ya bonde la Ruhuhu

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mwaka 1932 G. M. Stockley, mtaalamu wa miamba wa serikali ya Tanganyika, alichapisha katika gazeti la chama cha jiolojia cha London habari za miamba ya Ruhuhu yenye makaa ya mawe. Aliipanga miamba hiyo kwa tabaka, akazipa alama kuanzia K1 hata K8, kutoka ya chini iliyo ya kale hata ya juu. Mifupa iliyogeuka mawe aliyoikusanya ilielezwa katika juzuu lilo hilo na Haughton wa Afrika ya Kusini. Mwaka uliofuata, 1933, Parrington wa Cambridge alikuja naye akakusanya mifupa mingine katika bonde hilo.

Mifupa hiyo ikapelekwa Uingereza, ikalala. Mwaka 1956 Alan Charig aliieleza katika andiko lake la chuo kikuu, akabuni na majina, lakini andiko hilo halikuchapwa katika gazeti. Charig alifariki mwaka 1997. Hata mwaka 2013 ndipo jina la Nyasasaurus parringtoni lilipochapwa kwa kanuni, la mnyama aliyeishi yapata miaka milioni 243 iliyopita, ambaye huenda ni dinosaria wa kale kuliko wote wajulikanao, au ndugu wa karibu wa dinosaria. Na mwaka 2017 likatokea katika Nature jina la mnyama mwingine aliyepatikana na Parrington mwaka 1933, Teleocrater. Kabla yake, mwaka 2010, gazeti hilo hilo lilitoa habari za mnyama wa bonde letu aliyeitwa Asilisaurus kongwe. Msomaji hahitaji mkalimani: asili na kongwe ni maneno yetu wenyewe, nayo yamo sasa katika elimu ya dunia.

Watu wanaochimbua mifupa huko siku hizi hawaachi kumtaja Stockley wa 1932, kwa kuwa yeye ndiye aliyezipanga tabaka. Makala ya zaidi ya miaka tisini bado yafanya kazi. Kwa kipimo cha miaka miwili makala hiyo imekufa tangu 1934. Tena wako watu ambao hawahesabiwi kabisa. Mchimbaji wa makaa ya mawe, fundi wa barabara, na mwalimu wa kijiji afundishaye watoto habari za mawe, wote huenda wakatumia elimu ile, lakini hawaandiki katika magazeti ya London, kwa hiyo kutumia kwao hakutiwi katika pishi.

Mgema na sifa

Wahenga walisema, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jambo hili limeonekana katika magazeti ya sayansi. Maadamu kipimo kilikuwa cha kumsaidia mwenye maktaba kuchagua, kilifanya kazi yake vizuri. Walakini watu walianza kukitumia kwa kazi nyingine: kupandisha walimu wa vyuo vyeo, kugawa fedha za utafiti, kuamua nani ni mtaalamu na nani si mtaalamu. Hapo watu wakaanza kutia maji. Wahariri wengine waliwashurutisha waandishi walitaje gazeti lao mara nyingi. Magazeti mengine yalipatana yatajane, kama majirani wawili wasifianao sokoni. Baadhi ya magazeti yalipogunduliwa yaliondolewa katika orodha.

Iko kasoro nyingine ambayo si ya udanganyifu, ni ya hesabu tu. Fikiri wakulima kumi. Mmoja amevuna magunia 91, na wale tisa gunia moja moja. Jumla ni magunia 100, na wastani ni magunia 10 kwa kila mkulima. Je, ni haki kusema kwamba kila mkulima wa kijiji hicho ana magunia kumi? Ndivyo ilivyo kwa magazeti: makala chache hutajwa mno, na nyingi hutajwa kidogo au hazitajwi kamwe. Basi mtu akimsifu mwandishi kwa sababu ya kipimo cha gazeti tu, amempa mkulima wa gunia moja sifa ya magunia kumi. Kwa ajili hiyo, mwezi wa Desemba 2012, wahariri na wachapaji waliokutana San Francisco walianza kutunga tangazo, lililotolewa mwaka uliofuata, wakiomba kwamba mtu asipimwe kwa kipimo cha gazeti, bali kazi yake isomwe yenyewe.

Nasi wa Afrika ya Mashariki twaguswa zaidi. Mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye angependa kuchunguza maji ya visima vya wilaya yetu ana njia mbili. Aweza kuandika katika gazeti la nchini, kama Tanzania Journal of Science, ambako wenyeji wataweza kulipata, lakini mitajo ni michache. Au aweza kuacha visima, achukue swali lipendwalo na magazeti makubwa ya ng'ambo, apate mitajo na cheo. Pishi ikitumiwa bila akili humvuta aende mbali na visima vyetu. Na akiandika kwa Kiswahili, ili mwenye kisima asome, pishi haimwoni karibu kabisa, kwa kuwa faharasa hizo hukusanya zaidi maandiko ya Kiingereza. Kumbuka wale walimu wa 1927, walioona kwamba Kijerumani ndiyo lugha ya kemia. Kijerumani kimeondoka mahali hapo. Basi lugha ya elimu si jambo lililowekwa milele. Hutoka kwa watu wanaoamua kuandika.

Yatupasayo

Hatusemi kwamba pishi itupwe. Mtu asiyepima hujidanganya mwenyewe, na hesabu za Gross, Bradford, Price na Garfield zimetufundisha mambo ambayo macho matupu hayangeyaona. Twasema tu ya kwamba pishi huonyesha kile ambacho watu wamekwisha kukizungumza. Haiwezi kuonyesha swali ambalo halijaulizwa, wala lililoulizwa likazimwa kwa kicheko. Mitajo yote iliyokuja kwa jina la Mpemba ilipita katika mlango mmoja mwembamba: mgeni mmoja aliyekubali kusema, “Sijui, nitajaribu.” Angelicheka pamoja na darasa, leo pasingekuwa na cha kuhesabu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya sisi walimu. Mtoto akileta jambo lisilolingana na kitabu, tusimwambie kwamba amechanganyikiwa kabla ya kulijaribu pamoja naye. Vyombo viwili vya maji na saa vyatosha kuanzia. Kuuliza si ujinga, na kumcheka aulizaye si elimu.

Kazi ya pili ni ya kila ajuaye kusoma na kuandika. Tuandike tunayoyaona, pamoja na tarehe na mahali: mvua ilianza siku gani, kisima kilikauka mwezi gani, mfupa wa mawe uliokotwa bonde gani. Tena tumtaje aliyetuambia, kama Stockley anavyotajwa hata leo na watu ambao hawajapata kumwona. Anayeokota mfupa wa namna hiyo asiuvunje wala kuuza, bali atoe habari kwa serikali ya kijiji, ili wataalamu wa makumbusho waarifiwe. Daftari la namna hiyo halina kipimo cha athari, wala hakuna faharasa itakayolihesabu mwaka ujao. Lakini mifupa ya Ruhuhu ilingoja miaka themanini ikapata majina kwa sababu mtu aliandika ilipatikana wapi.